Firigisi ya Mgeni

Rosaline Wangui alikuwa amewauliza watu zaidi ya elfu nne kama walilala njaa jana, na alikuwa amechoka. Miaka kumi na tisa ya kuuliza si mchezo. Alianza na karatasi na penseli, baadaye wakampa simu, kisha wakampa tableti yenye ganda la mpira ili isivunjike ikianguka, maana walijua itaanguka. Alikuwa amekagua sakafu za udongo, za samadi na za saruji iliyopasuka. Alikuwa amechungulia vyoo vingi kuliko afisa yeyote wa afya kati ya Kitale na Malakisi, na kama huko mbinguni kuna kiti cha watu wa kuchungulia vyoo, chake kilikuwa tayari kimepanguswa vumbi.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, na magoti yalianza kulalamika kila alipopanda pikipiki. Alizaliwa Trans-Nzoia, kwenye shamba ambalo baba yake, mzee Wachira, alilinunua pamoja na wenzake waliotoka Nyeri. Shamba likagawanywa mara ya kwanza, likagawanywa mara ya pili, na zamu ya watoto wa kike ilipofika hapakuwa na kilichobaki cha kugawa. Akaolewa na Mbogo, fundi wa mashine za posho, mtu mpole aliyerudi nyumbani kila jioni akiwa mweupe kwa unga. Mbogo alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Ngari, na vyumba viwili vya kupanga mjini Kitale. Kazi ya kuuliza maswali ndiyo iliyomfikisha Ngari chuo cha ufundi Eldoret, akabakisha mwaka mmoja amalize. Kazi nyingine Wangui hakuijua.

Mradi wa mwisho uliitwa Mizani ya Maisha. Wenyewe walikuwa ng'ambo. Ofisi ilikuwa Bungoma, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari, na msimamizi alikuwa kijana mmoja anayeitwa Mukhwana, mwenye digrii mbili na adabu ya kutosha watu watatu. Alimwita Wangui "mama" hata alipokuwa akimkosoa. Siku ya mafunzo Mukhwana aliwaeleza kwamba maswali yaleyale yangeulizwa katika nchi tisa zinazohangaika, Burundi, Malawi, Haiti, Nepali na nyinginezo, ili wenye mradi wajue maisha ni magumu wapi, na ni magumu zaidi wapi. Kungekuwa na mstari mmoja kwa nchi zote. Kaya itakayoangukia chini ya mstari ingepata unga, maharage na mafuta ya kupikia kila mwezi kwa miaka miwili. Itakayokuwa juu ya mstari ingepata asante.

Kwa kuwa maswali yalikuwa ya nchi tisa, mengine yalifika Bumula yakiwa yamepotea njia. Je, kaya inamiliki ngamia? Je, mmewahi kuhama kwa sababu ya kimbunga? Wangui aliyasoma yote, maana tableti haikubali kurukwa. Watu wakifika kwenye ngamia walicheka, naye akawaacha wacheke mpaka watosheke, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa la watoto waliofariki.

Kulikuwa pia na swali la ngazi. Fikiria ngazi yenye vidato kumi. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuwaza, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Wewe umesimama kidato cha ngapi? Mzee mmoja wa Sirisia alilifikiria swali hilo kwa muda mrefu, akajibu kwamba yeye hajapanda, yeye ndiye anayeishikilia ngazi wengine wakipanda. Tableti haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Wangui akaandika moja, akaendelea.

Na kulikuwa na sheria: usile chakula cha kaya unayoihoji. Maji ruhusa, chakula hapana, ili majibu yasije yakaingiliwa na wema. Sheria hiyo ni rahisi kwa mtu anayeitunga akiwa amekaa ofisini na sahani ya chipsi. Bungoma mgeni haondoki na tumbo tupu. Ukikataa chakula cha mwenye nyumba umemwambia sufuria yake ni chafu, au umemwambia jambo baya zaidi ya hilo ambalo halisemwi. Kwa hiyo Wangui alijitungia ugonjwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na vidonda vya tumbo ambavyo hakuna daktari aliyewahi kuviona. Watu walimhurumia, wakampa maji ya uvuguvugu na majina ya waganga. Aliyaandika majina hayo kwa heshima, kisha akaenda kula ndizi zake mbili nyuma ya duka la mtu.

Kaya nambari mia moja na kumi na saba ilikuwa nje kidogo ya Bumula, ukipita shamba la miwa. Ilikuwa mwezi wa tano, wakati mahindi yamesimama kijani shambani na ghalani hamna kitu. Mwenye kaya alikuwa mama mmoja wa miaka karibu sabini, Rispah, mjane, mrefu, aliyefunga kitambaa kichwani kwa unadhifu wa mtu anayekwenda kanisani hata siku ya Jumanne. Mahojiano yalikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza ni nyumba na mali, siku ya pili ni chakula.

Siku hiyo ya kwanza kabla Wangui hajafungua tableti, Rispah alimwuliza anatoka wapi, na mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Aliposikia ni Ngari, jina la Rosaline Wangui likaishia hapo. Kuanzia dakika hiyo aliitwa Mama Ngari, na hakuona vibaya. Kazini alikuwa na nambari, na nambari yenyewe ilibadilika kila mradi.

Alipouliza kaya ina watu wangapi, Rispah alikunja uso kidogo. Watu hawahesabiwi kama mbuzi. Akawataja kwa majina tu: Viola, huyo mkubwa, ana miaka kumi na mitatu, kisha Wabwile, kisha Sellah, kisha yule mdogo aliyelala ndani. Wangui, ambaye mama yake naye hakuwahi kukubali watoto wahesabiwe, alihesabu kimoyomoyo na kuandika bila kusema. Wote walikuwa wajukuu. Baba wa wawili kati yao, Wakoli, alikuwa mjengoni Nakuru, kwenye kibarua cha ujenzi, na simu yake haikuwa ikipatikana. Mama wa wale wengine alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Ng'ombe, hakuna. Mbuzi, hakuna. Ngamia, wakacheka. Kuku, mmoja, jike, anayetaga. Mayai yake ndiyo Viola aliyoyapeleka sokoni Bumula kununulia madaftari.

Wangui alifanya hesabu kichwani, maana baada ya miaka kumi na tisa huhitaji tableti kukwambia. Kaya hii ilikuwa chini ya mstari, si kwa mbali sana, lakini chini. Watoto wangekula miaka miwili. Akafurahi, na furaha za kazi ile zilikuwa chache. Akaaga, akasema atarudi Alhamisi saa tano.

Alhamisi alifika akiwa ametoka Kitale alfajiri na chai ya rangi tu tumboni. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikakwama mara mbili, na mara zote mbili alishuka akasukuma. Alipokaribia nyumba ya Rispah, harufu ilimfikia kabla hajafika mlangoni, akajua. Ua lilikuwa limefagiliwa. Kando ya jikoni kulikuwa na manyoya yamefukiwa nusu.

Aliingia akiwa na vidonda vyake vya tumbo mdomoni, tayari kuvisema. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa. Sahani ya ugali, bakuli la kuku, na Viola amesimama na birika na beseni la kunawia. Katika bakuli hilo, juu kabisa, ilikuwa firigisi. Kwa desturi ya huko firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba, na akiwapo mgeni wa heshima ndipo mwenyewe humpisha. Rispah aliona macho ya Wangui yalipotua.

"Mwanaume hayuko hapa," alisema Rispah. "Na wewe umetoka Kitale mbio kutuandika. Leo hii firigisi ni yako."

Ungefanya nini? Wapo watakaosema wangekataa, na hao hawajawahi kusukuma pikipiki kwenye tope wakiwa na njaa. Wangui alinawa. Akala firigisi kwanza kwa sababu Rispah alikuwa akimtazama, akala paja, akala mchuzi mpaka ugali ukaisha. Watoto walikaa nje, mgongo kwa mlango, kwa adabu ambayo mtoto hufundishwa kwa kofi. Baadaye walipewa miguu, kichwa, shingo na mchuzi uliobaki, na Sellah aliulamba mfupa mmoja mpaka ukang'aa. Kuku alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomwuma Wangui kwa siku nyingi baadaye, kwamba alikuwa mtamu na yeye alishiba.

Wakamaliza, akafungua tableti.

Katika siku saba zilizopita, kaya hii imekula nyama, kuku au samaki mara ngapi?

Rispah alicheka. Si wamekula sasa hivi pamoja?

"Na kabla ya leo, mama?"

"Kabla ya leo ni Krismasi."

Lakini tableti haikuuliza habari ya Krismasi. Wangui aliangalia sanduku dogo lililosubiri tarakimu. Angeweza kuandika sufuri. Timu ya uhakiki hurudi katika kaya moja kati ya kumi na kuuliza tena, na iwapo ingerudi hapa, Rispah angewaambia kwa fahari kwamba alimchinjia mgeni kuku, na mgeni alikula akamaliza. Hapo kazi ingekwisha siku hiyohiyo, na Ngari bado mwaka mmoja. Akaandika moja. Akajiambia moja ni kitu gani.

Swali lililofuata hakulitarajia, lilikuwa jipya katika mradi ule. Je, katika mwezi huu kaya iliweza kumkaribisha mgeni kwa mlo? Mahali pengine ulimwenguni huenda hiyo ni dalili ya neema. Rispah alijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Kisha likaja tena swali la kuku waliopo, kuthibitisha la siku ya kwanza, na Rispah akasema hapana, sasa hakuna, bila kubadilisha sauti. Wangui alitarajia angalau hilo lingemshusha. Akafunga tableti, akashukuru, akasindikizwa na wote mpaka barabarani.

Mwezi wa sita matokeo yakaja. Wageni wawili kutoka ng'ambo walifika Bungoma, ofisi ikapigwa deki, soda zikanunuliwa. Mukhwana aliwasha projekta na ukutani zikatokea nchi tisa, kila moja na rangi yake, na vidoto elfu kadhaa vilivyosambaa mfano wa mtama uliomwagika. Kila kidoto kilikuwa kaya. Katikati ulipita mstari mwekundu. Wageni walizungumza Kiingereza cha polepole kuhusu nani yuko wapi. Nchi fulani imeshuka tangu safari iliyopita. Nchi nyingine imepanda, lakini bado. Nchi yetu, walisema, inafanya vizuri kuliko walivyotarajia, na chumba kizima kikapiga makofi. Kimaiyo, mwenzake Wangui wa upande wa Mlima Elgon, alimnong'onezea kwamba ati sasa tumekuwa matajiri wa maskini, bana, tununue suti. Wangui hakucheka. Alikuwa akitafuta Bumula.

Mukhwana, akitaka kuwaonyesha wageni jinsi mashine ilivyo makini, alikuza sehemu moja ya ukuta mpaka vidoto vikawa na nambari. Tazameni hapa, alisema, mstari hauangalii uso wa mtu. Kaya hizi mbili zinafanana karibu kwa kila kitu, moja iko Malawi na nyingine iko hapa kwetu, lakini ya huko imeangukia chini na ya kwetu imepita juu kwa unywele. Ya kwetu ilikuwa nambari mia moja na kumi na saba. Mmoja wa wageni aliuliza ni nini kilichoipitisha. Mukhwana akabonyeza, akasoma: nyama, na uwezo wa kukaribisha wageni. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo ni habari njema.

Wangui alikunywa soda yake yote bila kuionja.

Majina yalisomwa kwenye baraza la chifu huko Bumula, na la Rispah halikuwamo. La jirani yake Wekoye lilikuwamo. Wekoye siku ya kuhojiwa alimhamisha ng'ombe wake wa maziwa kwa shemeji, akavaa shati lililochanika na kumpa mhoji glasi ya maji, tena nusu. Hakuna aliyemlaumu. Alielewa mchezo kuliko waliouanzisha.

Wiki tatu Wangui aliishi na jambo hilo. Alikwenda kazini, aliuliza, aliandika. Akirudi Kitale alikaa kitandani na viatu miguuni akijitetea bila mtu mbele yake. Kwani yeye ndiye aliyeuchora mstari? Kwani alimwomba mtu kuku? Na kule Malawi, kaya ile iliyoangukia chini, watoto wake nao si watoto, nao wasile? Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia kulala. Ngari akipiga simu aliambiwa mama ni mzima, amechoka tu.

Ijumaa moja akapanda ghorofa ya pili, akamkuta Mukhwana peke yake, akamwambia. Kwamba mgeni wa kaya ile alikuwa yeye. Kwamba kuku alichinjwa kwa ajili yake, na asingekuwa yeye asingechinjwa. Kwamba alikula, akijua sheria, kisha akakiandika chakula chake mwenyewe kana kwamba ni cha nyumba ile.

Mukhwana alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Mama," alisema, "si ungenyamaza tu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na macho ya mtu anayelazimika kufanya asichotaka. Akamweleza kwamba kuna fomu ya masahihisho, na inahitaji sahihi mbili. Ya kwanza ya mhoji, akikiri alivunja sheria, na mkataba wake unaishia hapo, hakuna njia ya kuzunguka. Ya pili ya mwenye kaya, akithibitisha kwamba mlo ule uliandaliwa kwa sababu ya mhoji peke yake na kaya isingeula vinginevyo. Zikipatikana zote mbili kabla ya mwisho wa mwezi, kidoto kingeshuka. Wangui aliomba kalamu. Akaweka sahihi, akamkabidhi tableti na chaja, akaitoa na ile fulana ya mradi aliyokuwa ameivaa juu ya blauzi, akaikunja. Mukhwana alimsindikiza mpaka chini, mbele ya duka la mabati, akabaki amesimama.

Jumatatu Wangui alikwenda Bumula bila nambari wala tableti, na fomu kwenye mkoba. Alimkuta Rispah amekaa kwenye kigoda akichambua majani ya kunde. Wabwile na Sellah walikuwa shuleni, yule mdogo alikuwa akichezea kifuniko cha sufuria. Viola hakuwapo. Alikuwa amepelekwa Malakisi kwa shangazi yake, Rispah alisema, kuna kazi ya tumbaku huko na watu wanakula mara mbili. Shule ataona baadaye. Aliyasema hayo akiwa ameinamia kunde.

Wangui alieleza yote polepole. Kuhusu nchi tisa na ule mstari, na jinsi kuku mmoja alivyoivusha nyumba yake. Rispah alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa udadisi wa kweli, kama hao watu wa Malawi ambao sasa yeye amewapita wao mgeni akija humpa nini. Wangui akasema hajui, hilo hawakuulizwa. Rispah akashangaa kwamba watu wanaweza kutembea nchi tisa wakauliza habari za ngamia wasiulize hilo.

Wangui akatoa fomu na kibweta cha wino. Akamsomea. Akamwonyesha mahali pa kidole. Akamwambia mwezi ujao unga utakuja, na Viola atarudi, kwa miaka miwili hakuna atakayekwenda popote.

Rispah aliishika karatasi mbali na macho, kama washikavyo watu wa umri wake.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Haitakuletea shida huko kazini?"

"Hapana, mama."

Rispah aliiweka karatasi mapajani. Mtoto aligonga kifuniko, akaambiwa aache. Kisha Rispah akairudisha karatasi juu ya mkoba wa Wangui, taratibu, kwa mikono miwili.

"Mama Ngari, hii siwezi."

Wangui alidhani hakuelewa, akaanza upya. Rispah akamzuia kwa kiganja. Alikuwa ameelewa. Kila kitu kilichoandikwa pale ni ukweli, alisema. Kuku ilikuwa moja, ilichinjwa kwa sababu ya mgeni, bila mgeni ingekuwa bado inataga.

"Lakini nikiweka kidole hapa, nimekuuzia hiyo kuku," alisema. "Nimechinja, nimekupea, umekula ukashukuru. Sasa niandike ya kwamba mgeni ndiye alitumalizia kuku, nipewe unga? Hata hawa watoto watajua nyanya yao alifanya hivyo."

Hapo ndipo Wangui alipokasirika, na ilikuwa hasira ya miaka kumi na tisa. Alisema mambo makali. Alisema heshima haipikwi. Alisema yuko mtoto Malakisi ananing'iniza majani ya tumbaku badala ya kukaa darasani, na kidole kimoja tu kingemrudisha, na kama Rispah ni mtu wa Mungu angejiuliza mtoto huyo angechagua nini. Aliona Rispah akiumia kwa neno hilo. Akataka alirudishe, na papo hapo akataka aliongeze. Akafungua kibweta cha wino, akakisukuma mbele ya Rispah.

Rispah hakukigusa. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti ilikuwa ileile ya siku ya firigisi.

"Siku hiyo ulishiba?"

Wangui akasema alishiba.

"Basi," alisema Rispah.

Hawakulizungumza tena. Rispah alipika kunde zile, akasonga ugali mdogo, wakala wote watatu kutoka sahani moja, na Wangui hakusema lolote kuhusu vidonda vya tumbo. Fomu aliikunja mara nne akaitia chini kabisa ya mkoba. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata huzuni ilimjia kwa mbali, ikabisha hodi, ikasubiri. Alijua angeweza kukibonyeza kidole chake mwenyewe kwenye wino, kwa kuwa hakuna Bungoma nzima atakayelinganisha alama za vidole vya bibi mmoja wa Bumula. Alijua pia timu ya uhakiki ingekuja kumwuliza Rispah, na Rispah angewajibu. Na hata wasipokuja, asingeweza. Alikuwa amekula katika nyumba ile mara mbili sasa.

Jua lilipoanza kulegea akaaga. Rispah alimbeba mjukuu mgongoni akamsindikiza kama desturi, wakapita shamba la miwa, wakapita kwa Wekoye, ambako magunia mawili yenye nembo ya mradi yalikuwa yameegemezwa ukutani. Wekoye alitoka nje kuwasalimu, akawauliza habari za nyumbani, na Rispah akajibu ni nzuri. Barabarani walisimama kusubiri pikipiki. Rispah akamtengenezea Wangui kola ya sweta iliyokuwa imejikunja, akamwambia asikae sana bila kuja, na akimkuta Viola amerudi, msichana atamfurahia.

"Na huko kazini," alisema pikipiki ilipofika, "wasalimie wote. Waambie Rispah amesema asante kwa kutuletea wewe."

Wangui alikwisha kupanda. Alishika mkoba kifuani, akasema atawaambia.